Picha yako ni ndogo? Kabla hujaikuza, soma hii



Kazi yangu ni ya sauti. Tangu nilipomaliza sekondari na kozi ya uandishi wa habari, nimeshika mikro kuliko kamera. Lakini miaka hii hakuna mwandishi wa Goma anayetoka nyumbani bila kupiga picha, na watu wa kartie wakiona una telefone mkononi na beji ya redio shingoni, wanakuletea maswali yote ya picha. Swali moja limenijia mara nyingi tangu vita vya mwezi wa kwanza 2025, nalo linakuja kwa namna mbili.

Vijana wanasema: «Yaya, nilituma picha zangu kwenye maktaba ya picha ya Ulaya, wamejibu kwamba ni ndogo. Nizikuze namna gani?»

Wamama na wapapa waliokimbia kutoka Masisi, Rutshuru au Nyiragongo wanasema: «Nina foto moja tu ya mtoto wangu, na ni kidogo sana. Naomba munikuzie.»

Kijana anatafuta franga, mzazi anatafuta mtoto. Lakini wote wawili wanaomba mashini ifanye kitu kilekile: itie ndani ya picha kile ambacho haikubeba siku ilipopigwa. Ndiyo maana leo naandika juu ya jambo hili polepole, kwa sababu nimeona kijana akipoteza pesa kwa sababu yake, na nimeona mama akipewa sura ya mtu mwingine.

Mega tatu zinazochanganywa

Kwanza tuelewane juu ya ukubwa. Picha ya telefone ni shamba la nukta ndogondogo za rangi, zinazoitwa pikseli. Telefone nyingi za kawaida zinapiga picha yenye nukta 4,000 kwa upana na 3,000 kwa urefu. Zidisha: ni nukta milioni 12. Hiyo ndiyo megapikseli 12 iliyoandikwa kwenye karatoni ya telefone.

Maktaba ya picha ni ghala la kwenye intaneti. Mpiga picha anaweka kazi yake humo, na gazeti, mashirika au wachapishaji wa vitabu wanalipa ruhusa ya kuitumia. Mpiga picha anapata sehemu yake. Kila ghala lina mlango wenye kipimo. Shutterstock na Adobe Stock za Marekani zinaomba angalau pikseli milioni 4. Alamy ya Uingereza inaomba picha isiyopungua megabaiti 17.

Hapo kwenye megabaiti 17 ndipo vijana wetu wengi wanapokata tamaa bure. Wanaangalia faili yao, wanaona megabaiti 4, wanasema: «Mimi niko mbali sana.» Kumbe kipimo hicho si cha faili iliyokunjwa. Faili ya JPEG ni kama godoro lililokunjwa na kufungwa kamba ili lipande juu ya moto. Alamy inapima godoro likiwa limefunguliwa. Picha ikifunguliwa, kila nukta inachukua baiti 3: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya bluu. Nukta milioni 12 mara 3 ni baiti milioni 36, yaani megabaiti zaidi ya 34. Telefone yako ya kawaida imepita mlango huo mara mbili, na hukuhitaji kukuza kitu.

Kwa hiyo kuna mega tatu ambazo hazifai kuchanganywa: mega za intaneti tunazonunua kwa unite, mega za faili iliyokunjwa, na mega za picha iliyofunguliwa. Anayesema «picha yangu ina mega 4» hajasema bado kama ni kubwa au ndogo. Fungua maelezo ya picha kwenye telefone, soma namba mbili za upana na urefu, zidisha. Hizo ndizo namba za kuamini.

Kuna pia ile namba 72 na 300 ambayo watu wa sekretaria wanapenda kuibadilisha, kisha wanakuambia «sasa picha imekuwa kali». Namba hiyo ni maagizo tu kwa mashini ya kuchapisha: weka nukta 300 ndani ya kila inchi moja ya karatasi. Haiongezi hata nukta moja ndani ya picha yenyewe. Picha yenye nukta 1,600 kwa 1,200, ikichapishwa kwa 300, inatoa karatasi ya sentimita 13 na nusu kwa 10. Ukiitaka ijaze ukurasa wa A4 kwa ukali uleule, unahitaji nukta 3,508 kwa 2,480, ambazo hazimo.

Nukta zetu zinapotelea wapi

Kama telefone inapiga milioni 12, kwa nini picha zetu zinafika zikiwa ndogo? Jibu ni njia tunayozituma.

Sisi wa Goma tunatuma kila kitu kwa WhatsApp, na tuna sababu, maana mega ni ghali na mtandao unakatika. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, WhatsApp inaipunguza ili isafiri haraka. Mara nyingi upande mrefu unabaki na nukta karibu 1,600. Ile picha ya nukta milioni 12 inafika kwa mwenzako ikiwa na nukta chini ya milioni 2. Sehemu tano kati ya sita zimebaki njiani, na hazirudi. Mwenzako akiituma tena kwingine, na yule akiituma tena, sura inaendelea kuchakaa.

Kisha telefone ya kwanza inaibiwa, au inaanguka ziwani, au inauzwa kwa ajili ya chakula siku ya kukimbia. Kinachobaki duniani ni ile nakala ndogo iliyokuwa kwa shangazi wa Kampala au rafiki wa Bukavu. Kwetu, picha ndogo ina historia ya namna hiyo. Ni alama ya safari ambayo mwenye picha alifanya.

Kukuza ni kufanya nini hasa

Kukuza picha si jambo la dhambi, na lina historia yake ndani ya maktaba hizo zenyewe. Katika miaka ya 2000, Alamy ilikuwa ikidai megabaiti 48, yaani nukta karibu milioni 17, wakati kamera nyingi zilitoa milioni 6 hadi 10. Wapiga picha wa dunia nzima walikuza picha zao ili wapite, na maktaba ilijua. Baadaye kipimo kilishuka hadi hiki cha leo.

Njia ya zamani ya kukuza inafanya hesabu. Ordinateri inaweka nukta mpya katikati ya nukta za kweli, na kuipa kila moja rangi ya wastani wa majirani zake: njia moja inaangalia majirani 4, nyingine inaangalia 16. Matokeo ni picha kubwa zaidi, laini zaidi, isiyo na habari mpya. Ni kama kuongeza maji kwenye sombe wageni wanapofika bila taarifa. Sufuria inajaa, kila mtu anapata sahani, lakini majani ni yaleyale uliyotwanga asubuhi. Ukiongeza kidogo, hakuna anayelalamika. Ukiongeza sana, mgeni anajua.

Njia mpya ni ya akili bandia. Hiyo haipimi wastani. Imefundishwa kwa mamilioni ya picha za watu wengine, na inapoona sura yenye ukungu inajiuliza: sura za namna hii huwa na macho gani, ngozi gani, meno gani? Kisha inachora. Mwaka 2021 Adobe ilitoa chombo chake kiitwacho Super Resolution, kinachozidisha kila upande mara mbili, na tangu hapo zimekuja programu nyingi, hata za bure kwenye telefone. Kwa majani ya mti au mawe ya lava, kazi yao inapendeza macho. Lakini kile zinachoongeza kimetoka kichwani mwao, hakikutoka mbele ya kamera yako.

Ulimwengu uliona hatari hiyo mwezi wa sita 2020. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walikuwa wametoa programu iitwayo PULSE, inayotengeneza sura kali kutoka picha yenye miraba michache. Mtu akaiwekea picha ya Barack Obama iliyopunguzwa. Obama angali anajulikana katika ile miraba. Mtu yeyote wa huku Birere angemtaja. Programu ikatoa sura ya mzungu. Watafiti wenyewe walisema wazi kwamba programu inatengeneza sura za watu wasiokuwepo na haifai kumtambua mtu.

Ndiyo sababu shindano la World Press Photo, linaloheshimiwa na wapiga picha wa habari wote, limekataza vyombo vya kukuza vya akili bandia kama Super Resolution na Topaz Photo AI. Sababu yao ni fupi: vinaingiza ndani ya picha habari ambayo haikuwepo.

Kijana mwenye picha ya lava

Kijana mmoja wa Ndosho, ambaye jina lake naliacha, ana picha ambayo ningefurahi kuwa nayo mimi. Aliipiga usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka. Mnakumbuka: ilikuwa siku ya posho, mbingu ikawa nyekundu, lava ikashuka hadi Buhene karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye serikali ikatangaza kwamba kartie nyingi zihame, na barabara ya Sake ikajaa godoro na mabidoni. Picha yake inaonyesha mzee amesimama mbele ya mwanga huo akiwa amebeba cherehani begani. Mtu ukiiona mara moja haikutoki.

Telefone yake ilipotea kwenye safari hiyo ya Sake. Picha ilibaki kwa sababu alikuwa ameituma kwenye kikundi cha familia. Nukta 1,600 kwa 1,200.

Maktaba moja ya ng'ambo ilimjibu kuwa ni ndogo. Akaenda kwa mtu wa ordinateri, akalipa, akakuziwa. Kwa hesabu, kazi haikuwa kubwa: ukifikisha nukta 2,820 kwa 2,115, umevuka megabaiti 17. Lakini yule mtu alitaka kumfurahisha. Akatumia programu ya akili bandia, akakuza mara 4 kila upande. Picha ikapita kwenye mashini ya maktaba, ambayo inahesabu tu. Ilipofika kwa mtu mwenye macho, ikarudishwa. Alinionyesha. Nyuma ya mzee, moshi ulikuwa umegeuka kuwa kitu kama manyoya ya mbuzi. Cherehani ilikuwa imeota gurudumu la pili. Na mkono wa mzee, ule ulioshika cherehani, ulikuwa na vidole ambavyo sikuweza kuvihesabu.

Kijana alikuwa na hasira, na nilimuelewa. «Nilikuwepo,» aliniambia. «Wao hawakuwepo. Sasa wananiita mwongo kwa picha yangu mwenyewe.» Ameishi jambo, amelipiga picha, ameokoa nakala, na mwishoni shahidi wa kweli anaonekana kama mtu aliyetengeneza uongo ofisini. Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko franga alizolipa. Ghala linalojaa picha za Goma zenye vidole vya ajabu litamfanya mnunuzi wa mbali atilie shaka hata zile za kweli, na wako watu wengi wanaongojea sababu ya kusema kwamba mateso ya hapa ni ya kutungwa.

Nilimwambia mambo mawili. Kwanza, arudi kwenye nakala ile ndogo. Ndiyo asili yake sasa, na aiheshimu hivyo. Pili, aulize mlango mwingine. Baadhi ya maktaba zina njia ya pembeni kwa picha za habari na za kumbukumbu, ambako kipimo cha ukubwa kinalegezwa kwa sababu tukio haliwezi kupigwa mara ya pili. Kwenye njia hiyo unaandika ukweli: imepigwa kwa telefone, tarehe fulani, mahali fulani, nakala iliyobaki ni hii. Maelezo mafupi ya kweli chini ya picha yatamsaidia kuliko nukta za kubuni.

Mama na foto ya harusi

Habari ya pili ni nzito zaidi, na wanaotafuta watu wao waisome kwa makini.

Mama mmoja alikuwa akiishi kampini, upande wa magharibi wa mji. Katika siku zile za mwezi wa kwanza na wa pili 2025, watu walipotawanyika na makampi kuvunjwa, alimkosa mwanawe wa miaka 15. Foto pekee aliyokuwa nayo ilikuwa ya harusi ya mdogo wake, watu zaidi ya 20 wamesimama mbele ya kanisa, kijana akiwa safu ya nyuma. Ilikuwa imepita kwenye WhatsApp. Sura ya kijana ilikuwa na nukta kama 60 kwa upana.

Alitaka tangazo la ukurasa wa A4. Fanyeni hesabu: ili sura hiyo ijaze ukurasa, kila nukta moja ya kweli ingelazimika kujaza nafasi ya nukta zaidi ya 1,600. Mahali alipokwenda hawakumwambia hivyo. Walimkatia sura, wakaitia kwenye programu ya telefone, na kwa dakika moja wakampa kijana mzuri, ngozi laini, macho yanayong'aa.

Alikuja nayo redioni ili tusome tangazo lake. Tulimsifu kwanza kwa picha iliyo wazi. Yeye aliiangalia tena kwa muda mrefu, akasema: «Huyu si yeye. Anafanana kama ndugu yake, lakini si yeye.»

Tukaomba ile foto ya harusi. Kijana ana kovu linalokata nyusi ya kushoto. Kwenye picha ndogo ni nukta tatu au nne tu zilizofifia, lakini ukiambiwa unaziona. Programu ilizidhani ni uchafu, ikazifuta. Ana nafasi kati ya meno ya mbele; programu iliijaza. Masikio yake yamesimama, yalikuwa yamelazwa. Ilichukua alama zote ambazo jirani angemjua kwazo, ikaacha kijana wa kawaida ambaye hayupo popote. Fikirini karatasi ile ikibandikwa Minova, Sake na Kitshanga: watu wangemtafuta mtoto ambaye hakuzaliwa, na yule wa kweli angepita mbele yao.

Tulifanya kazi ya kawaida. Tulichapisha foto yote ya harusi kwa ukubwa ambao inaweza kubeba, kama kadi ya posta, tukazungushia duara kwenye kichwa chake. Pembeni tuliweka sura yake imekuzwa kidogo tu kwa njia ya zamani, na ukungu wake wote. Chini tukaandika kwa herufi kubwa kile kamera haikuweza kusema: kovu, meno, masikio, kimo, jina analoitwa nyumbani. Redioni hatukutaja jina lake kamili, kwa usalama wake. Na tukampeleka mama kwa watu wa Msalaba Mwekundu, ambao pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ile tunayoiita CICR, wana kazi ya kutafuta jamaa waliotengana, bila kulipisha.

Hadi ninapoandika, mama bado anangoja. Ile karatasi nzuri aliniachia. Alisema hataki kulala nayo nyumba moja.

Goma ilikwisha kuijua kazi hii

Wazee wetu hawatashangaa. Mwezi wa saba 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia Goma kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache, maelfu ya watoto walitengana na wazazi katika msongamano, njaa na kipindupindu. Mashirika yaliyowapokea yaliamua kuwapiga picha mmoja mmoja, na mpiga picha Seamus Conlan alikuwa kati ya waliofanya kazi hiyo. Kila mtoto alipigwa uso kwa uso, na picha zikatundikwa kwenye mbao makampini ili wazazi wapite wakitazama.

Zilikuwa picha ndogo, nyingi kwenye ubao mmoja. Zilifaa kwa sababu kila moja ilikuwa na sura ya kweli, mwanga wa kutosha, na namba ya kumtambulisha mtoto. Mzazi anamjua mtoto wake kwa kitu kidogo sana. Hakuna aliyeona haja ya kumpamba mtoto ili mama amtambue.

Tufanye nini basi

Haya ndiyo ninayowaambia vijana na wazazi, na hayahitaji vyombo vya bei.

Unapopiga, usivute kwa vidole viwili kwenye kioo. Kwenye telefone nyingi, kuvuta huko ni kukata katikati ya picha na kuikuza palepale. Sogea karibu kwa miguu, kama ni salama. Futa lensi kwa nguo safi. Hakikisha kwenye mipangilio ya kamera kwamba umechagua ukubwa wa mwisho.

Ukitaka picha pana ya ziwa au ya Nyiragongo iwe kubwa kweli, piga picha kadhaa zinazopishana kidogo, kushoto hadi kulia, kisha ziunganishwe. Hapo nukta zinaongezeka kwa haki, kwa sababu kila moja iliona mwanga. Haifai kwa watu wanaotembea, lakini mlima hautembei.

Unapotuma picha yenye maana, itume kama dokima, ile njia tunayotumia kutuma barua za ofisi. Inapita bila kupunguzwa. Itakula mega 3 hadi 5 badala ya kidogo, basi tuma moja hiyo tu, usitume 20. Tangu 2023 WhatsApp ina pia alama ya HD. Ni bora kuliko kawaida, lakini dokima ndiyo inayolinda asili.

Kama una foto ya karatasi, usiipige kwa telefone mbele ya dirisha. Ipeleke kwenye skana na uombe 600. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 iliyosomwa kwa 600 inatoa nukta 3,543 kwa 2,362, zaidi ya milioni 8. Haitaonyesha zaidi ya kilichomo kwenye karatasi, lakini haitabuni kitu. Ile foto ya ubatizo iliyobebwa ndani ya kitenge kutoka Masisi inaweza kupita mlango wa maktaba ambao foto ya jana ya WhatsApp imeshindwa.

Kama ni lazima ukuze kwa ajili ya maktaba, anza na nakala ya kwanza kabisa uliyonayo, kuza mara moja tu, ishia pale kipimo kinapotimia, usizidi mara mbili kwa upande. Tunza asili pembeni bila kuigusa. Na kama maktaba inauliza kama umetumia akili bandia, jibu ukweli.

Kwa ukutani nyumbani, fanya unavyopenda. Mtu akitaka foto ya marehemu babu yake ing'ae sebuleni, hiyo ni furaha ya familia na hakuna anayedanganywa. Lakini sura ya mtu anayetafutwa, na picha ya habari, visipitie kwenye programu zinazochora. Ukifika sekretaria, sema kabla ya kulipa: «Kuza bila akili bandia, na usiguse uso.» Kisha linganisha zote mbili mbele ya mtu anayemjua mwenye sura, kabla karatasi haijatoka mlangoni.

Narudi kwa vijana. Najua inauma kuona maghala ya dunia yamejaa Goma iliyopigwa na wageni wenye kamera kubwa, na yako inarudishwa kwa sababu ya nukta. Lakini wapo watoto wa hapa, Moses Sawasawa, Arlette Bashizi, Ley Uwera, Guerchom Ndebo, Pamela Tulizo, ambao kazi zao zimefika mbali, na watu wanaziamini kwa sababu zinaonyesha waliloliona. Megapikseli 12 za telefone yako zinatosha kuanza. Nunua kadi ya kumbukumbu hata ndogo, na kila siku ya posho hamishia humo picha zako za juma. Kadi ya pili mpe mtu wa familia anayeishi nyumba nyingine, na kama inawezekana, mji mwingine. Kwetu hapa, nyumba moja haitoshi kutunza kitu usichotaka kukipoteza.

Na ninyi wazazi mnaohifadhi foto ndogo moja ya mtu wenu, msiione haya kwa ukungu wake. Ileteni kama ilivyo, pamoja na maneno yenu. Tutaisoma hewani.